Zeolaiti, mkaa, udongo mwekundu au maganda ya mayai: kipi kinaondoa virutubisho kwenye maji na kipi kinakupotezea muda

Maji yakishageuka kijani kila mtu anakuwa mtaalamu. Huyu anakwambia mwaga zeolaiti, yale mawe ya volkano yenye vitundu, yule anasema mkaa ndo kila kitu, mwingine kasoma mahali kwamba maganda ya mayai yanaondoa fosfeti karibu yote, basi unajaza ndoo tatu za vitu tofauti na wiki ikiisha maji ni kijani vilevile, tena sasa yana vumbi jeusi juu. Njia hiyo nimeipita. Nimejaza chupa za majaribio nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kilichobaki kichwani ni hiki: usianze kwa kuuliza kinasa kipi ni bora, anza kwa kuuliza maji yako yana nini.

Naviita vinasa kwa sababu ndo kazi yao, kama kinasa sauti vile, ila hivi vinashika virutubisho. Na havinyonyi kama sifongo, vinashikilia vitu juu ya uso wake na ndani ya vitundu vidogo, kwahiyo uso ukijaa ndo basi, hata ukisubiri mwezi hakiongezeki kitu.

Sasa, tukisema maji yana virutubisho vingi tunaongelea vitu vitatu na kila kimoja kina tabia yake. Kuna amoniamu, inatoka kwenye kinyesi, mkojo, chakula cha samaki kilichooza, hii ina chaji chanya. Kuna fosfeti, inatoka kwenye mbolea, sabuni, maji ya choo, hii ina chaji hasi lakini ina udhaifu wake, ikikutana na chuma, alumini au kalsiamu inang'ang'ania. Halafu kuna naitreti, chaji hasi pia, na hii haing'ang'anii chochote, chumvi zake karibu zote zinayeyuka kwenye maji, inapita tu kama mgeni asiyetaka hata kukaa.

Vinasa vingi vya asili, yaani zeolaiti, udongo wa mfinyanzi, mkaa, vumbi la mbao, uso wake una chaji hasi. Hapo ushaanza kuona mwenyewe. Hasi inavuta chanya, kwahiyo amoniamu inashikwa, fosfeti na naitreti zinasukumwa pembeni. Ukielewa hii tu umeokoa nusu ya hela na muda wa watu wanaojaza mkaa kwenye bomba wakitegemea naitreti ishuke.

Ya kushughulika nayo kwanza ni ipi? Kama shida yako ni mwani kwenye maji yasiyo ya chumvi, mi naanza na fosforasi, ile iliyomo ndani ya fosfeti. Mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, timu ya mwanasayansi wa maziwa David Schindler waligawa ziwa moja dogo, Ziwa 226, kwa pazia katikati, upande mmoja wakaweka kaboni na naitrojeni (ile iliyomo kwenye amoniamu na naitreti), upande wa pili wakaweka hivyo hivyo ila wakaongeza fosforasi. Upande wenye fosforasi ndo uligeuka kijani, picha yake kutoka juu huwezi kuisahau. Na hesabu inaeleza kwanini, mwani unatumia atomu 16 hivi za naitrojeni kwa kila 1 ya fosforasi, kwahiyo gramu 1 ya fosforasi inaweza kulisha zaidi ya gramu 100 za mwani mkavu. Kidogo sana kinafanya fujo kubwa. Lakini kama shida ni samaki wanahema juu ya maji wanataka kufa, hapo sahau mwani, pima kwanza amonia, yaani amoniamu iliyogeuka gesi.

Zeolaiti na mkaa, kwa upande wa amoniamu

Hapa sina maneno mengi ya kuzungukazunguka, zeolaiti inashinda. Ninayoongelea ni ile ya asili inayoitwa klinoptilolaiti, mwamba wa asili ya volkano wenye vijumba vidogo ndani, na ndani ya vijumba kuna sodiamu, potasiamu, kalsiamu zimekaa. Amoniamu ikipita inaingia, sodiamu inatoka. Ni kubadilishana nafasi, sio kumeza. Kwa hesabu ya makaratasi gramu 1 ina uwezo wa kushika miligramu karibu 30 za naitrojeni ya amoniamu, lakini kwenye maji ya kweli yenye amoniamu kidogo usitegemee hiyo, mi nikipiga hesabu naweka miligramu 2 tu na hapo nalala usingizi.

Mkaa wa baiocha, yaani mabaki ya mimea yaliyochomwa bila hewa ya kutosha kwenye nyuzi 300 mpaka 700, nao unashika amoniamu ila kidogo, na unategemea sana umechomwa vipi. Uliochomwa moto mdogo, nyuzi 300 mpaka 400, unakuwa na sehemu nyingi za kushikia amoniamu. Uliochomwa moto mkali una vitundu vingi na unapendeza kwenye picha za darubini, lakini sehemu za kushikia nyingi zimeshaungua. Alafu kuna kitu wauzaji hawasemi: mkaa mpya unatoa vitu. Una majivu, majivu yana potasiamu na fosfeti, ukiutia kwenye maji bila kuosha unaweza kupima fosfeti baada ya saa moja ukakuta imepanda. Mara ya kwanza nilidhani kipimo kimeharibika, nikanunua kingine, kikasema vilevile. Oshaosha mpaka maji yanatoka masafi, na hata hapo loweka usiku mzima na upime yale maji ya kulowekea kabla hujauamini.

Faida ya mkaa ni kwamba unautengeneza mwenyewe na ukishatumika unaenda shambani moja kwa moja. Zeolaiti lazima itoke sehemu yenye miamba hiyo, ila inasafishika. Unailoweka kwenye maji ya chumvi, sodiamu inarudi kwenye vijumba, amoniamu inatoka, unaitumia tena na tena.

Na hapo hapo kwenye chumvi ndo nilipoumia. Nilikuwa na tangi la samaki, chujio limejaa zeolaiti iliyofanya kazi wiki kadhaa vizuri kabisa, samaki mmoja akapata vidoa vyeupe, nikafanya kama wengi wanavyofanya nikaweka chumvi kwenye maji kumtibu. Sikutoa zeolaiti. Chumvi ikaenda kufanya kile kile inachofanya kwenye ndoo ya kusafishia, ikafukuza amoniamu yote iliyokusanywa ikarudi kwenye maji kwa pamoja, na asubuhi nikawakuta watatu wamelala ubavu. Kwahiyo we kama unafikiria maji yenye chumvi, maji ya bahari au hata ya mdomoni mwa mto yanayochanganyika na bahari, zeolaiti iache, sodiamu na potasiamu zitaijaza zote.

Kingine cha kuangalia hapa ni pH, kipimo cha asidi ya maji, 7 ndo katikati, chini yake ni asidi. Ikifika 9.25 hivi nusu ya amoniamu inakuwa imeshageuka amonia, ile gesi isiyo na chaji, ndo inayoua samaki na ndo zeolaiti haiwezi kuishika. Bwawa lililojaa mwani jua likiwaka mchana mwani unakula kaboni dayoksaidi na pH inapanda mpaka kupita 9, alfajiri inashuka. Kwahiyo ukipima asubuhi ukaona mambo shwari, pima na saa tisa alasiri ndo uje tuongee.

Udongo wa mfinyanzi wa kawaida siuwekei muda. Bentonaiti, aina moja ya udongo huo, ina uwezo wa maana wa kubadilishana ayoni, yaani chembe zenye chaji, nusu ya zeolaiti hivi au zaidi kidogo, ila inavimba na kuziba bomba, maji hayapiti. Kaolini, ule mweupe, uwezo wake ni mdogo sana.

Fosfeti: hapa ndo kuna vita ya kweli

Wagombea wa maana ni wanne. Udongo mwekundu, maganda ya mayai, mkaa uliopewa madini, na ule udongo wenye lanthanamu, aina ya metali.

Udongo mwekundu ndo ninaoupenda, naanza kwa kusema hivyo ili ujue naegemea wapi. Ule wekundu ni chuma, na mara nyingi kuna alumini pia, na fosfeti inapokutana na chuma cha namna ile inaingia na kuchukua nafasi kabisa kwenye uso wa chuma, inafungwa, sio ule mvuto mdogo wa chaji tu. Ndo maana hata maji yakiwa na chumvi nyingine nyingi bado unashika. Tatizo ukiumwaga mbichi maji yanakuwa kama chai ya maziwa na inachukua siku kutulia. Suluhisho ni kuuchoma kama tofali. Nilichukua vipande vya matofali mekundu ya kuchoma yaliyovunjika, nikaponda, nikachekecha nikabaki na chembe za kama punje ya mchele, nikaosha mara tano sita. Hazimeng'enyeki, maji yanapita vizuri. Uwezo wake ni mdogo, wewe hesabu nusu miligramu ya fosforasi kwa gramu na usiwe na tamaa, na matofali hayafanani, mengine yakichomwa moto mkali sana yanakuwa kama kioo na hayashiki kitu.

Udongo mwekundu unataka pH isiwe juu. Chini ya 7 unafurahi, ikipita 8 au 9 uso wa chuma unageuka kuwa na chaji hasi na unaanza kuisukuma fosfeti. Na mbaya zaidi ni kukosa oksijeni. Chuma kikikosa oksijeni kinabadilika kinayeyuka, na fosfeti yote iliyofungwa inaachiwa. Hii imejulikana tangu miaka ya 1930 na 1940, ndo sababu matope ya chini ya maziwa yanatema fosfeti kipindi cha joto maji ya chini yakiishiwa hewa. Kwahiyo matofali yako usiyazike chini ya bwawa kwenye tope, weka kwenye chujio ambalo maji yanapita yakiwa na hewa. Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani walifanyia kazi wazo la karibu na hili kwa maji ya mvua ya mjini, mchanga wa kawaida uliochanganywa na chembe za chuma kama asilimia 5 kwa uzito, chuma kinashika kutu na kutu inashika fosfeti. Unatakiwa uachwe ukauke kati ya mvua na mvua ili hewa iingie.

Maganda ya mayai sasa. Watu wanayapenda kwa sababu yanatupwa bure. Asilimia 94 hivi ni kalsiamu kaboneti, sawa na mawe ya chokaa au makombe ya baharini. Ukisaga ukayatia mabichi, kwa pH ya kawaida yanashika kidogo sana, hicho ndo kitu ambacho vichwa vya habari havisemi. Majaribio yanayotoa majibu makubwa mengi yalichoma maganda kwanza, nyuzi 800 mpaka 900, kaboni dayoksaidi inatoka na unabaki na chokaa hai, gramu 100 zinabaki kama 56. Hiyo kweli inaondoa fosfeti, tena kwa haraka, lakini haikamati juu ya uso, inaigandisha na kalsiamu inashuka chini kama unga mweupe. Na pH inaruka mpaka 11 au 12. Maji ya hivyo ukiyaachia kwenye bwawa umeua kila kitu, na amoniamu yote inageuka amonia hapo hapo. Kwa maji machafu yanayotoka sehemu moja na ambayo utayashusha pH baadaye, sawa. Kwa bwawa lenye viumbe hapana, na moto wa nyuzi 900 sio wa jikoni, wala usijaribu.

Mkaa wa kawaida kwa fosfeti ni bure, nimeshasema una chaji hasi na unatoa fosfeti yake mwenyewe. Ila ukiloweka mabaki ya mimea kwenye maji ya chumvi ya magnesiamu au ya chuma kabla ya kuchoma, mambo yanabadilika kabisa, unapata mkaa wenye chembechembe za magnesiamu au chuma ndani ya vitundu na hizo ndo zinashika. Unaweza kuyapita matofali mara nyingi tu. Lakini hapo umeshanunua kemikali, umechoma, umeosha, kwahiyo neno "bei rahisi" linaanza kuyumba. Mi ningeufanya kama tayari nina tanuri la mkaa linalofanya kazi, vinginevyo matofali yanatosha.

Lanthanamu ndo ya kitajiri kwenye kundi hili. Ni bentonaiti ambayo imewekwa lanthanamu kama asilimia 5, ilibuniwa na CSIRO, shirika la utafiti la Australia, miaka ya 1990, na imetumika kwenye maziwa sehemu nyingi za dunia. Lanthanamu na fosfeti zinashikana moja kwa moja na hata oksijeni ikiisha haziachiani, hapo inaipiku chuma waziwazi. Hesabu inayotumika sana ni kilo 100 za udongo huo kwa kilo 1 ya fosforasi. Angalizo ni maji laini sana yasiyo na kaboneti, lanthanamu inaweza kubaki huru na inawadhuru wadudu wadogo wa majini.

Ziweke pamoja uone kwa macho. Bwawa la lita 10,000 lenye fosforasi miligramu 0.5 kwa lita, ndani yake kuna gramu 5 za fosforasi. Matofali kwa nusu miligramu kwa gramu unahitaji kilo 10. Udongo wa lanthanamu, nusu kilo. Sasa bwawa hilo hilo lina naitrojeni ya amoniamu miligramu 2 kwa lita, hizo ni gramu 20, zeolaiti kwa miligramu 2 kwa gramu ni kilo 10 pia. Sio mizigo ya kutisha. Ila hayo ni maji ya leo tu, kama mbolea au chakula cha samaki kinaendelea kuingia kila siku basi kesho unaanza upya.

Naitreti: acha kunasa

Nimetafuta sana kinasa cha asili cha naitreti na nimeishia kuacha. Kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, inaweza, kwa sababu ikiwa kwenye maji yenye asidi kidogo, pH chini ya 6.5 hivi, inakuwa na chaji chanya. Lakini maji mengi hayana pH hiyo, na salfeti ikiwepo inaipora nafasi. Mkaa wa moto mkali unashika kiduchu. Maranda, makumbi, majivu ya pumba za mpunga, sahau.

Kinachofanya kazi sio kunasa, ni kulisha bakteria. Jaza shimo au pipa vipande vya mbao, pitisha maji polepole yasipate hewa, bakteria wanakula kaboni ya mbao na kwa kukosa oksijeni wanapumua naitreti, inaondoka kama gesi ya naitrojeni. Vitanda vya namna hii vinaondoa kuanzia gramu 2 mpaka 22 za naitrojeni kwa kila mita moja ya ujazo kwa siku, ikitegemea joto zaidi. Na havijai kama kinasa, vinaenda miaka. Mwanzoni maji yanatoka ya kahawia kama chai, hayo yamwage pembeni wiki za kwanza. Ukisikia harufu ya yai bovu maji yanakaa muda mrefu kupita kiasi, ongeza mwendo.

Kama shida ni naitreti kwenye kisima cha kunywa, hii sio kazi ya kujaribujaribu. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanaweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, na hatari kubwa ni kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kukorogwa na maji hayo, damu yao inashindwa kubeba oksijeni. Na kuchemsha hakusaidii, kunaongeza, maji yanapungua naitreti inabaki.

Mitego miwili kwenye namba kabla hujachagua

Mtego wa kwanza ni vipimo. Karatasi moja inasema "miligramu 10 za fosfeti", nyingine "miligramu 3.3 za fosforasi", na ni kitu kile kile, unagawa kwa 3.07. Naitreti kwenda naitrojeni unagawa kwa 4.43, ndo maana ile 50 ya WHO mahali pengine inaandikwa 11.3. Nimeshaona mtu akilinganisha vinasa viwili na kuchagua kibaya kwa sababu ya hili tu.

Wa pili ni ile namba kubwa ya uwezo inayoandikwa kwenye tafiti. Inatoka kwenye fomula ya mwanakemia Langmuir ya mwaka 1918, ambapo unaweka kinasa kwenye maji yenye kirutubisho kingi na kingi zaidi mpaka uso ujae. Mara nyingi ni maji safi ya maabara, kinasa kimesagwa unga, kinatikiswa siku nzima. Maji yako yana nusu miligramu kwa lita na kila aina ya chumvi humo, na chembe zako ni za punje ya mchele. Hutafika hata nusu ya namba ile.

Kwahiyo fanya jaribio la chupa. Chupa nne za lita moja, maji yako mwenyewe, ya kwanza usiweke kitu, nyingine weka gramu 5, 10 na 20 za kinasa ulichokiosha. Tikisa mara kadhaa, acha mpaka kesho, chuja, pima. Pima na pH pia. Ile chupa isiyo na kitu usiiruke, bila hiyo huwezi kujua kama mwani umekula wenyewe au kinasa ndo kimefanya kazi.

Kikishajaa, matofali na mkaa wenye fosfeti vinaenda kwenye udongo, vinaachia polepole. Zeolaiti yenye amoniamu pia ni mbolea nzuri, ila ile uliyokwisha kuiosha kwa chumvi usiiweke karibu na mimea, ina sodiamu kibao. Na kama maji yalitoka viwandani au barabarani hata usifikirie bustani, kinasa hicho hicho kilichoshika virutubisho kimeshika risasi na zinki pia.